Kikombe cha Unga cha Mama Yako

Mwanangu Anjela,

Saa tatu kasoro asubuhi. Gari la Kinole limekuchukua tangu alfajiri kwenda kumuaga bibi yako, na mvua ya milimani ikiwa na adabu utarudi jioni. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unatakiwa stendi ya Msamvu, basi la Arusha. Kwa hiyo nina siku hii moja, meza hii, mzani nilioazima shuleni, na daftari. Tangu nikae nimeshainuka mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama zipu ya begi lako inafunga. Mara ya pili sikumbuki. Mara ya tatu nilikwenda kuhakikisha ile ya kwanza.

Habari za kufunga mlango, kutoshika simu mkononi stendi na kuwaamkia wakubwa hata kama wanaitikia nusu nusu, sitaziandika. Mama yako ameshakwambia yote hayo, mengine mara mbili. Mimi uliniomba kitu kimoja tu, Jumapili iliyopita, tukiwa tumekaa hapa hapa.

"Baba, kule Arusha jikoni hawajui vikombe. Kila kitu gramu. Nibadilishie mapishi yetu ya nyumbani yawe gramu, nisije nikaumbuka siku ya kwanza."

Nikakuambia, "Kwa nini usimwambie mama yako? Mapishi ni yake."

Ukacheka. "Mama anapima kwa jicho, baba. Si ndiye aliyening'oa jino kwa andazi?"

Mama yako alikuwa anaanua nguo, hatua tano kutoka tulipokaa. Alisikia. Aliendelea kuanua, akakunja shuka lile lile mara mbili.

Nimeifanya kazi yako wiki nzima. Orodha iko nyuma ya daftari hili. Kikombe nilichotumia ni kile cha plastiki cha buluu, kinachochukua robo lita ukijaza mpaka mstari wa juu. Kila kitu nimekipima mara tatu nikaandika kipimo cha katikati. Maji, gramu mia mbili na hamsini. Mafuta ya alizeti, mia mbili na thelathini. Sukari, mia mbili na kumi. Mchele, mia mbili. Karanga za Gairo zilizomenywa, mia moja na hamsini. Chumvi laini, karibu mia tatu. Ile nikapima mara tano kwa sababu sikuamini. Asali ya bibi yako, mia tatu na hamsini, na kikombe kilibaki kinanata mpaka Alhamisi. Iliki sikuipima kwa kikombe, hakuna mtu mwenye akili anayetia iliki kikombe kizima. Nimekuandikia kijiko.

Utaona kwamba kikombe ni kile kile, na kila kinachoingia humo kina uzito wake. Jambo dogo. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulielewa. Mimi nililielewa nikiwa na miaka thelathini na minane, na nililielewa vibaya kwanza.

Mstari mmoja wa orodha hauna kitu. Unga wa ngano. Tangu Jumatatu nimeuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Saa nne. Nimekwenda mpaka getini nikarudi. Hakuna mtu niliyekuwa namtafuta.

Ngoja nianze na babu yako. Alilima mboga na ndizi kwenye mteremko ambao ukidondosha boga unalifuata mpaka mtoni. Kati ya watoto wake sita mimi peke yangu nilifika kidato cha nne. Nilipofaulu, kijiji kizima kiliambiwa. Toka hapo, nyumbani kwetu nikisema jambo halirudiwi. Kama mgeni anauliza umbali wa mahali, wanamwambia, "Mwulize yule, amesoma." Nilikuwa sijui umbali wa mahali popote, lakini nilijibu. Ni ugonjwa, mwanangu, na unaanza kwa kusifiwa.

Nilipopata kazi ya kutunza stoo ya shule, ugonjwa ukapata mzani. Magunia ya maharage, sembe, chumvi, yote yalipita mbele yangu. Nikamwoa mama yako, mwenye darasa la saba na mkono wa unga ambao jumuiya yetu nzima ya kanisani ilikuwa inauita kwenye kila sherehe. Akipika maandazi, yalikuwa yanavimba yanakuwa matupu ndani, ukiyafungua mvuke unakupiga usoni. Alikuwa anapima unga kwa sado, ile ndoo ndogo ya lita nne wanayopimia sokoni, na kwa kikombe, na kwa kiganja. Ukimuuliza kiasi gani, anasema, "Mpaka utakapokubali." Neno hilo lilikuwa linaniudhi. Mtu aliyezoea leja ya stoo hawezi kuandika "mpaka utakapokubali."

Ukafika mwaka wa Komunyo yako ya Kwanza. Ulikuwa na miaka tisa. Mlikuwa watoto saba wa jumuiya yetu, na maandazi ya watoto wote saba alipewa mama yako. Mimi nilikuwa katibu wa jumuiya. Nikasema safari hii tununue vitu kwa jumla, kwa kilo, kwa utaratibu. Nikamkalisha mama yako nikamhoji kama polisi. Sado ngapi za unga? Tatu. Maji? Sukari? Nikaandika yote. Halafu nikabadilisha.

Shuleni tulifundishwa kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Hiyo ni kweli, haijabadilika. Mimi nikaichukua nikaivisha kila kitu. Sado ni lita nne, basi sado ya unga ni kilo nne. Sado tatu, kilo kumi na mbili. Sikujiuliza hata mara moja. Nilipima unga kilo kumi na mbili kwa mzani, gramu kwa gramu, nikafunga kwenye mifuko, nikaandika juu yake kwa kalamu nyekundu. Mikono yangu ilikuwa safi, hesabu yangu ilikuwa safi, na msingi wake ulikuwa umeoza.

Jumamosi, siku moja kabla ya Komunyo, mama yako alimwaga mifuko yote kwenye beseni. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na daftari. Akatia maji niliyompimia, akaanza kukanda. Baada ya muda akainua uso.

"Baba Anjela, unga huu mwingi."

"Ni sado tatu. Nimepima."

"Haushiki. Niongezee maji."

"Maji nayo nimepima. Ukianza kuongeza ongeza tutapoteza hesabu."

"Mkono wangu unakataa."

Nikamwambia, na maneno haya ninayakumbuka kama nilivyoyasema, "Mama Anjela, mzani na mkono wako, kipi kimekwenda shule?"

Akaendelea kukanda. Nilipogeuka kwenda kumpokea mgeni akaiba kikombe kimoja cha maji akatia. Hakikusaidia.

Mengine unayajua, ila unayajua kwa upande mmoja. Jumapili baada ya misa, mmevaa nyeupe, watu wamekaa chini ya turubai, maandazi yakapita kwenye sinia. Wewe ulikuwa na jino la mbele linalolegea. Ukauma. Ukapiga kelele, jino likabaki kwenye andazi. Watu wakacheka, na kicheko kikawapa ruhusa. Wavulana wakaanza kuyagonga mezani wasikie yanavyolia. Mama Tekla, mwenyekiti wetu wa jumuiya, unamjua ulimi wake, akanyanyua moja juu akasema, "Jamani, tusitupe, padre anajenga msingi wa nyumba ya makatekista!" Mwingine akauliza kumetokea nini, na mama Tekla akasema, "Hamira ya mama Anjela imelala usingizi wa pono."

Mama yako akanitazama. Nilikuwa nimekaa na wazee. Alikuwa ananitazama niseme neno. Nikasema, "Labda hamira."

Ndiyo hayo, Anjela. Maneno mawili.

Saa tano na nusu. Nilikwenda kuosha mikono ambayo haikuwa na uchafu. Mama yako yuko uani anachagua mchele wa mchana. Tumepishana mlangoni, akaniuliza, "Unaumwa? Tangu asubuhi unazunguka kama nzi." Nikasema siumwi.

Jumanne, siku mbili baada ya Komunyo, nilikuwa peke yangu stoo, nikachukua sado nikaijaza unga nikaiweka kwenye mzani. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nadhani mkono wangu nao ulikuwa unakataa. Nimelitafuta daftari la mwaka ule, nimelipata kwenye sanduku la chini, na hiki ndicho nilichoandika siku hiyo, neno kwa neno: "Sado ya unga, kilo mbili na nusu na kidogo. Nimerudia mara tatu. Siyo nne. Kosa ni langu, siyo la hamira. Mvua jioni. Nimwambie mama Anjela."

Nimwambie. Halafu ukurasa unaofuata nimeandika habari za panya wa stoo.

Nilikuwa nangoja siku nzuri. Siku ya kwanza alikuwa na hasira, nikasema ipoe. Ilipopoa nikasema, kwa nini niiwashe tena? Baada ya mwezi nikaona wamesahau. Baada ya mwaka nikaona hata mimi nimesahau. Lakini jumuiya haikumwita tena kupika. Hawakusema lolote, walimpa kazi ya kupamba meza. Na wewe ukakua na kile kisa, ukakisimulia kwa wenzako, ukakisimulia kwa shangazi zako, na kila mara ulipokisimulia mama yako alicheka pamoja nanyi. Ulipotaka kujifunza mapishi ulikuja kwangu, kwenye mzani. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Sasa unakwenda kuwa mpishi wa mikate, na unaondoka kwenye nyumba yenye mpishi wa mikate bila kumuuliza kitu. Hilo limenifanya nizunguke wiki nzima. Ukifika Arusha, ukiambiwa usimulie ulivyoanza, utasimulia jino. Utawafanya wageni wamcheke mama yako, na hutajua kwamba unasema uongo wangu.

Sitaki ujue kwa barua kabla yeye hajajua kwa mdomo. Naweka kalamu chini.

Saa tisa alasiri. Nimerudi. Nakuandikia ilivyokuwa, bila kupunguza.

Nilimkuta bado na ungo wa mchele. Nikasimama. Nikamwambia yote, sado, kilo nne, Jumanne, stoo. Nilisema haraka kama mtu anayemeza dawa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena, polepole. Usikimbie."

Nikarudia tena. Akaweka ungo chini.

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Lete."

Nikamletea daftari la mwaka ule. Alisoma amesimama juani, kidole kikifuata mstari. Alisoma mpaka habari za panya, akarudi juu.

"Kwa hiyo hamira yangu ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima."

"Unajua kwa nini humu ndani tunanunua mkate?"

Nikasema nilidhani amechoka kukanda.

"Nimechoka!" Akacheka, siyo kicheko cha kufurahi. "Tangu siku ile nikishika hamira mkono unasita. Natia, naona kidogo. Naongeza, naona nyingi, unga unachacha. Nikatupa mara mbili, mara tatu, ninyi mkiwa hampo. Nikasema basi, mkono umekufa, wengine hufa macho, mimi nimekufa mkono. Na wewe miaka kumi na miwili unakaa hapo mezani unapaka siagi mkate wa dukani, unajua."

Nilitaka kusema samahani, nikaisema, ikatoka ndogo. Akavaa kitenge kingine, akalitia daftari langu kwapani, akatoka. Nikamuuliza anakwenda wapi. Hakugeuka.

Mwanangu, nimekaa na hofu mara nyingi, lakini saa ile moja na nusu sikujua niweke wapi miguu. Daftari lile lina mambo yangu ya mwaka mzima. Nilifagia uani. Nikafagia tena upande uliofagiwa. Nilipima kikombe cha maji, gramu mia mbili na hamsini, nikamwaga, nikapima tena.

Walirudi wawili. Nilimsikia mama Tekla kabla sijamwona.

"Yuko wapi huyo fundi? Katibu! Kumbe yale matofali ulifyatua wewe!"

"Karibu, mama Tekla."

"Sikaribii, nimekuja kusikia. Mwenzangu anasema umeandika. Mimi miwani nimeacha. Soma mwenyewe, mwandiko ni wako."

Mama yako akanikabidhi daftari, limefunguliwa pale pale. Nikasoma nimesimama, kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilipofika "siyo la hamira," mama Tekla akapiga makofi mara moja.

"Na mimi nikamtukana mwanamke wa watu bure mbele ya padre! Mama Anjela, nisamehe. Huyu usimsamehe leo, msamehe wiki ijayo." Kisha akanigeukia. "Kidato cha nne! Unga na maji! Hata mbuzi anajua kipi kizito."

Mama yako alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na beseni. Nalifahamu lile beseni, ni lile lile, miaka yote lilikuwa linawekewa mkaa.

"Nipishe hapo mezani," akaniambia. Hilo ndilo neno pekee alilonipa tangu arudi.

Saa kumi na moja na nusu. Mwanga unapungua, kwa hiyo namalizia.

Kabla sijaeleza la mwisho, nikuambie machache ya jikoni, yasiyo kwenye orodha. Huko unakokwenda utapewa mzani mzuri kuliko huu wangu. Uamini. Lakini ukiwa umepima na mkono wako unakataa, simama, anza upya kutoka chini, uliza kipimo kilitoka kwa nani. Mtu wa chini yako akikuambia unga ni mwingi, mwongezee maji kwanza, mbishane baadaye. Na ukikosea, liseme kabla sinia halijapita kwa watu wote. Langu lilikuwa kosa la nusu saa. Lililobaki nililiongeza mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku niliyonyamaza.

Sasa la mwisho. Mama yako alipoanza kuchekecha unga niliona nafasi yangu. Orodha ilikuwa inakosa mstari mmoja, na hapa palikuwa na kikombe cha buluu, mzani, na mkono wenyewe. Maana unga una tabia, Anjela. Niliuchota mimi kwa kukandamiza, ukanipa gramu mia moja na sitini. Nikauchekecha nikaumimina, ukanipa mia na ishirini na tano. Kikombe kile kile. Nilitaka kujua wa kwake ni upi, ndio uingie kwenye orodha yako.

Alichota. Akakitikisa kikombe kidogo, akapitisha kidole juu. Nikasogeza mzani mbele yake, kalamu tayari. Mama Tekla alisogeza kiti aione namba, na miwani hana.

Mama yako akakitazama kikombe, akautazama mzani, akaumwaga unga kwenye beseni.

"Niandike nini?" nikauliza.

"Usiandike kitu."

"Mtoto atahitaji."

"Ana simu. Akitaka kujua kikombe changu kina nini, aniulize mimi."

Hamira aliitia mwenyewe. Mama Tekla aliniambia baadaye kwamba mkono ulisita kidogo. Mimi sikuangalia, niligeukia ukuta.

Maandazi yako yamo kwenye kikapu, yamefunikwa kitambaa cheupe. Nimepewa moja, na nikaambiwa nisiombe la pili. Lilikuwa tupu ndani. Uyale basi likiwa limefika Mikese, usingoje Chalinze, na umpe jirani wa kiti chako hata moja, akuulize nani amepika.

Nasikia gari linashuka barabara ya mlimani, huenda ndilo lako. Daftari hili, lenye barua na orodha, naliweka juu ya nguo zako kwenye begi. Mama yako yuko jikoni, bado hajanisemesha kama zamani, na sijui atanisemesha lini. Lakini anachekecha unga mwingine, nausikia.

Mstari wa unga nimeuacha wazi. Kalamu iko katikati ya kurasa. Ukifika Arusha, kabla hujalala, mpigie mama yako umuulize. Na siku utakaposimulia kisa cha jino, kisimulie chote.

Ni mimi baba yako, ndiye niliyekung'oa jino.